Kiatu Kimoja Kikapuni

Kikapu nimekiacha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala cha kituo, mahali pake. Tafadhali msikihamishe. Najua kimechakaa, mpini mmoja umeshikwa kwa kamba na mwingine kwa waya, na najua siku moja atakuja mgeni mwenye moyo mwema atakayetaka kutununulia kipya. Mkaribisheni, mpeni kiti, mpeni chai, lakini kikapu mkiache.

Esperansi, mrithi wa kigoda changu, wewe ndiye uliyenisumbua niandike haya kabla sijasahau, kwa hiyo yakiwa marefu lawama ni yako. Kwa wageni wa kazi wasionijua: mimi ni Mama Zaina wa mtaa wa Murara. Baba yangu alitoka Kasongo na marobota yake ya vitenge, akasema atakaa Goma msimu mmoja tu, na hapa ndipo tulipomzika. Habari za vyeo hamtazipata kwangu, maana ngazi pekee niliyopanda katika kituo chetu ni ile ya stoo. Nitawaandikia kazi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Volkano ilipotoka ikala shule yetu pamoja na ubao na kengele yake, nikakaa nyumbani nikishona mito ambayo hakuna aliyeihitaji. Jirani akaniambia kuna kituo kinachopokea mchana vijana wa barabarani, wale wa miaka kumi na mitatu mpaka kumi na minane, na kwamba wanatafuta mtu mwenye subira. Mume wangu akasema, "Subira? Wewe?" Kesho yake nikaenda, nusu kwa kutafuta kazi na nusu kwa kumkomoa.

Aliyenipokea ni muzee Kambale, mwuguzi wa magonjwa ya akili, mtu wa upande wa Butembo, mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo nywele zilizo chini yake niliziona siku moja tu. Nilikuwa nimevaa vizuri, nina kalamu mbili mpya mkobani, nikingoja nionyeshwe meza yangu. Alinipa kigoda na kikapu, akanipeleka kwenye chumba kirefu kilichotandikwa mikeka.

"Mama Zaina, utakaa hapa."

"Nifanye nini, muzee?"

"Ukae."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu ni kazi nguvu. Utaona."

Vijana wakaanza kuingia. Walitoka mitaa ya Birere, walitoka kwenye maegesho ya mabasi, walitoka kando ya ziwa. Walikunywa uji, na wengi wao hata bakuli hawakumaliza. Waliingia chumbani, wakaanguka kwenye mikeka, wakalala na jua limewaka nje. Nilishtuka. Mimi mwalimu nilijua asubuhi ni ya kufundisha. Nikamwendea Kambale nikamuuliza ni saa ngapi tutaanza kuwasikiliza, maana niliambiwa kazi yetu ni kusikiliza.

"Mutoto hajalala tangu juzi," akanijibu, "unataka akuambie nini? Atakuambia uongo. Na juu ya vile amechoka, hata uongo yenyewe haitakuwa muzuri."

Basi hilo ndilo somo la kwanza la kituo chetu, na ndilo la mwisho pia. Barabarani usiku haulaliwi. Usiku kuna mvua, kuna wakubwa wanaonyang'anya, kuna watu wenye sare na watu wasio na sare, na kwa wasichana kuna mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mnayajua. Mwili ukijizoeza kutofumba macho, unasahau namna ya kufumba. Watu wa mjini huwaona vijana hawa wakicheka bila sababu, wakirusha ngumi kwa neno moja, wakisahau walichoahidi asubuhi, nao husema ni roho mbaya. Nimewaangalia miaka mingi, na ninawaambieni kwamba nusu ya roho mbaya hiyo huisha mtu akilala siku tatu mfululizo. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji kazi yenu.

Mjini wanaitwa maibobo. Sikulitumia neno hilo, si kwa utakatifu wangu, ila kwa sababu siku ya pili msichana mmoja aliniambia, "Mama, sisi tuko na majina," na alisema kwa adabu kiasi kwamba niliona aibu kwa niaba ya mji mzima.

Sasa, kikapu. Nani asiyejua mawe ya Goma? Mtu akitembea pekupeku kwenye lava, mguu unakatika kabla hajafika kona. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachoibwa kwa aliyelala ni viatu. Na kwa sababu hiyo vijana wetu walikuwa wamejitungia sheria yao, ambayo haikutoka katika semina yoyote. Aliyenifundisha ni Obedi, mtoto wa Bunagana, ambaye mama yake alikuwa akivusha biashara ndogo mpakani mpaka vita vikawatawanya. Alikuwa na shingo ndefu na maneno ya wakili. Alisimama mbele ya kigoda changu ameshika kandambili moja.

"Mama, shika."

"Na ingine iko wapi?"

"Ingine ninalala nayo ku mukono. Moja kwako, moja kwangu. Mwizi akiniibia hii moja, ataipeleka wapi? Na wewe ukitaka kukimbia na ile moja, utaiuzisha nani? Mutu wa muguu moja?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Usicheke, mama. Ule anashika kiatu ya mwenzake, hafungi macho. Akichoka, anatafuta mwingine wa kupokea. Ule mwingine anataja jina, anasema: nimepokea Obedi, lala. Kama hajasema vile, ule wa kwanza eko zamu bado."

"Na ukiamka?"

"Unakuta amekurudishia kiatu ku miguu, mudomo yake inaangalia mulango. Juu ukishtuka, ukimbie bila kutafuta njia."

Nimelelewa katika nyumba ambayo viatu huachwa nje, vyote viwili, na marehemu mama yangu angezimia kuona kandambili yenye tope imepakatwa ndani ya chumba cha kulala. Lakini niliipokea. Nikasema, "Nimepokea Obedi. Lala." Kijana akajilaza, na kabla sijakaa sawasawa alikuwa anakoroma. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimepata kazi ya kuchunga viatu, naye akasema afadhali, viatu havitanikasirisha.

Kambale alinifundisha kuangalia mkono unaotoa kiatu. Yuko anayekitupa kikapuni bila kukuangalia. Huyo hana tegemeo kwako, ila usingizi umemzidi nguvu. Yuko anayekupa kwa mikono miwili kama anayempa mkwe maji. Yuko anayelala kisha akaamka mara tatu kuja kuchungulia kama kiatu chake kingalipo. Huyo usikasirike naye, mwonyeshe kila mara. Ukitaka kumwamsha anayeruka akiguswa, usimshike bega. Simama upande wa miguu, mwite kwa jina, polepole. Wanaovuta kole, ile gundi ya viatu, walazeni ubavu. Wasichana wapewe upande wa ukuta, na anayewalinda awe mwanamke. Kigoda kisiwe na egemeo, maana kiti chenye egemeo ni adui wa mlinzi, na chai iwe na tangawizi. Hivyo ndivyo vifaa vyangu vyote. Wenzangu wa hospitali wana mashine zenye taa.

Kosa kubwa la kituo chetu lilikuwa kabati. Wakati ule tulikuwa na mratibu mpya, mama mwenye bidii na huruma ya kweli, msije mkamcheka. Aliona kikapu changu chenye viatu vya upande mmoja mmoja, akasikitika. Akatengenezesha kabati zuri la mbao, lenye vyumba vidogo vidogo na mlango wa kufunga. Viatu vyote viwili vya kila mtu viliingia humo, ufunguo ukakaa ofisini. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga pia.

Kuanzia kesho yake hakuna aliyelala. Walikunywa uji, wakakaa barazani vichwa vikiwaanguka vifuani, wakigutuka, wakianguka tena. Tukafikiri labda ni kunguni, tukaanika mikeka. Tukafikiri ni chakula. Tulifanya mkutano, tukasema mengi kwa Kifaransa. Mwishowe Obedi akaniita pembeni.

"Mama, ile kabati ni nzuri. Lakini kabati haina macho. Na ufunguo iko ku biro. Moto ikiwaka, risasi ikilia, tunangoja direkta?"

Niliyapeleka maneno yale kwa mratibu, naye akayapokea bila kinyongo, jambo ambalo namshukuru mpaka leo, maana nimeona wakubwa wengi ambao wangelitetea kabati lao mpaka siku ya kiyama. Kikapu kikarudi. Kabati sasa linatunza sahani jikoni, na sahani zinalala salama.

Baada ya hapo ndipo alipokuja Riziki. Kama mtasahau yote niliyoandika, hili mlishike.

Ulikuwa wakati ambao watu wengi waliteremka kutoka vilima vya Masisi, na godoro kichwani na mbuzi mkononi, wale waliobahatika kuwa na mbuzi. Riziki alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Familia yake ilikuwa ya wakulima, watu wa kanisa, naye alijua nyimbo nyingi za kwaya. Hakupigana na mtu, hakuvuta chochote, alifagia bila kuambiwa. Siku ya kwanza alikataa mkeka akaomba kigoda. "Mama, mimi nitakusaidia zamu," akasema.

Alikuwa mlinzi ambaye sijaona mfano wake. Alijua kiatu cha kila mtu. Aliwafunika kanga wanaotetemeka, aliwaimbia kwa sauti ya chini wale wanaolia usingizini. Vijana wakaanza kumpa yeye viatu vyao badala ya mimi, nami nikashukuru, nikapata nafasi ya kupika na kuandika ripoti. Sote tulimsifu. Kambale peke yake alisimama mlangoni siku moja, akamwangalia kwa muda, kisha akaniita nje.

"Ile mutoto, umeshamuona amelala?"

Nikafikiri. Nikasema labda analala usiku.

"Usiku ndio anawalinda wenzake kule Birere, Obedi ameniambia. Mama Zaina, analala saa ngapi?"

Tulianza kumwangalia vizuri, na tulichokiona kilinitia baridi. Aliweka sufuria motoni bila maji. Katikati ya maneno alinyamaza, akageuka, akamjibu mtu ambaye hakuwapo. Nilipomuuliza alikuwa akisema na nani, akacheka, akasema ni mawazo tu. Kambale alimpa dawa ya usingizi. Tukavikuta vidonge vimefichwa chini ya kizingiti cha dirisha. Kisha siku moja asubuhi Obedi akaja mbio, akihema. Riziki alikuwa ameingia katikati ya barabara mbele ya lori, akitembea polepole huku akiita jina, na Obedi ndiye aliyemvuta kwa nguo.

Wengine wakasema ana pepo. Mama mmoja mwema wa jirani alitaka kumpeleka kwenye nyumba ya maombi ambako wagonjwa hufungwa mpaka watulie. Kambale akaniambia wazi, "Asipolala wiki hii, akili yake itakatika, na sijui kama tutaweza kuiunga. Ao atakanyagwa na gari kabla ya akili kukatika." Alikuwa mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania. Niliogopa sana. Nilikuwa na binti wa umri uleule nyumbani.

Mchana wa kesho yake mvua ilinyesha, mvua yetu ya Goma isiyoomba ruhusa. Vijana walilala vizuri kwa mlio wa mabati. Ilipopungua wakaamka mmoja mmoja, kila mtu akavaa kiatu chake alichokikuta miguuni, wakatoka kwenda kula maharage. Chumba kikabaki kitupu, na kikapu kitupu. Riziki alikuwa bado kwenye kigoda, mgongo wima, macho mekundu, akilinda mikeka isiyo na watu.

"Riziki," nikamwambia, "zamu imeisha. Wote wameamka."

"Bado, mama. Mumoja bado."

Nikaangalia chumba chote. Hapakuwa na mtu. Nikataka kumwambia hivyo, lakini nikakumbuka sheria ya Obedi, nikauliza jambo jingine.

"Unashika kiatu ya nani?"

Akaingiza mkono ndani ya nguo yake, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, na ndani ya mfuko akatoa kandambili moja ya bluu, ndogo, ya mtoto wa miaka mitano au sita.

"Ya Baraka," akasema. "Ndugu yangu."

Nilikaa chini sakafuni mbele yake. Akanieleza, bila machozi, kama anayesoma. Mama yao alikuwa amefariki, baba hakujulikana alikokimbilia. Walikimbia pamoja na majirani. Usiku walilala katika darasa la shule fulani njiani, watu wamejaa mpaka mlangoni. Baraka alikuwa anaumwa kidole cha mguu, Riziki akamvua kandambili ya mguu ule, akaishika mkononi, na bibi mmoja akamwambia, "Usilale, mulinde mutoto." Alikuwa ametembea siku nzima akimbeba. Akalala. Alipoamka kulikuwa na risasi, watu wanakanyagana gizani, na kando yake palikuwa patupu. Aliita mpaka sauti ikakatika. Kandambili ilikuwa bado mkononi mwake.

"Sasa mama, nitalala namna gani? Niko zamu yake."

Wengi walikuwa wameshamwambia kwamba si kosa lake. Wachungaji walimwambia, majirani walimwambia, na bila shaka ni kweli. Lakini ukweli ule haukuwa umemfikisha kwenye mkeka hata siku moja. Kambale alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona nywele zake, nyeupe zote. Nikajua ananiachia.

Nikanyoosha mikono, yote miwili.

"Lete," nikasema.

Akarudisha kandambili kifuani. "Wewe haumujui."

"Kweli, simujui. Unieleze. Anaitikaga namna gani ukimwita?"

"Anasemaga 'yee'. Na anaogopaga bata."

"Anaogopa bata. Nimesikia. Nini tena?"

Akanieleza mengi. Kwamba hapendi mboga ya sombe, kwamba akilala anashika sikio la mtu. Alipokuwa akinieleza mikono yake ilikuwa inateremka, polepole, mpaka kandambili ikafika juu ya viganja vyangu, lakini hakuiachilia.

"Na wewe ukichoka?"

"Nikichoka nitamupokeza muzee Kambale."

"Tuko wawili," Kambale akasema toka mlangoni.

"Nimepokea Baraka," nikasema. "Lala."

Aliachilia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akavua kiatu chake mwenyewe, kimoja, akanipa. "Nimepokea Riziki," nikasema. "Lala." Alijilaza upande wa ukuta, akiwa bado ananiangalia, na macho yakafunga huku yakipigana.

Jua lilipoinama wenzetu walikuja kufunga kituo, Kambale akawatazama kwa jicho moja tu wakaondoka. Mume wangu aliletewa habari, akaja na sahani ya wali, akaikabidhi dirishani bila kuuliza swali, Mwenyezi Mungu amlipe. Tulipokezana kigoda na Kambale. Asubuhi Riziki aliamka, akakuta kiatu chake miguuni, mdomo ukielekea mlangoni. Akaniangalia mikononi. Nilikuwa nimeishika ile ya bluu.

"Haujalala, mama?"

"Sijalala."

Ndipo alipolia. Alilia siku ile nzima, na mimi nililia naye, ingawa kitabu cha mafunzo kinakataza.

Msije mkadhani alipona kwa usingizi mmoja. Kuna wiki alizorudi nyuma. Alimeza dawa za Kambale kwa muda mrefu, alizungumza, alinyamaza, alikasirika, alivunja bakuli zetu nne na dirisha. Tulimwandikisha Baraka kwa watu wanaotafuta waliopotezana na ndugu zao. Tuliuliza Rumangabo, tuliuliza kambini, tuliuliza kila aliyeteremka. Hatukupata habari, nzuri wala mbaya. Lakini Riziki alilala. Alijifunza kusuka nywele kwa mama mmoja wa Murara, akapata chumba, baadaye mume, baadaye mtoto. Na kila alipoondoka kituoni aliniuliza swali moja, "Ungali nayo, mama?" nami nilimwonyesha. Ilikuwa mkobani mwangu, ndani ya kitambaa, kando ya tasbihi. Sitadanganya kwamba sikulala miaka yote hiyo. Mimi ni mzito wa usingizi, mume wangu ni shahidi. Ila hapakupita siku ambayo sikuigusa, na nikiona mtoto mwenye umri kama wake nilikuwa nikiita jina kimoyomoyo nisikie kama ataitika "yee".

Kambale alifariki kabla sijastaafu, katika kitanda chake, akiwa amelala. Nilipopata habari nilisema alhamdulillahi kabla ya kusema innalillahi, watu wakanishangaa.

Nimeshukuru mengi katika kazi hii. Siku zile vita vilipoingia mjini tulifunga, na tulipofungua tena tukakuta lango limekwisha kufagiwa. Waliofagia ni vijana wetu wa zamani, sasa wana ndevu, Obedi akiwaamrisha kama jenerali. Kikapu alikuwa amekificha kwake chini ya kitanda. "Kabati tuliiacha," akaniambia, "tulijua hakuna mwizi mwenye nguvu vile." Nimewashukuru ninyi pia, vijana wa ofisini, mnaoandika kwa mashine mambo ambayo mimi niliyabeba kichwani, na mnaonivumilia nikisimulia kabati kila mwaka.

Na sasa siku yangu ya mwisho, ambayo mlikuwapo lakini hamkuona yote. Mlinipa Fanta na hotuba. Mlisema nimejitoa, mkataja miaka yangu, nikajiona mzee ghafla. Mlipoanza kupanga viti, nilikuwa nimerudi chumba cha mikeka, nimekaa kwenye kigoda changu nikiwa na wasiwasi mmoja tu: ile kandambili ya bluu. Nani ataipokea? Nilimfikiria Esperansi, lakini kumpa mtu kiatu cha mtoto ambaye hakumjua, wala hakumjua dada yake, kuliniwia vigumu. Kuiacha kikapuni kulikuwa vigumu zaidi.

Riziki akaingia akiwa amemfunga mtoto mgongoni. Alikuwa amechelewa, wateja wa nywele walimshika. Hakunipongeza. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Lete, mama."

"Riziki, utaweza?"

"Siku hizi naweza kuishika na kulala, vyote. Wewe ulinifundisha kulala. Lete."

Nikafungua mkoba. Kitambaa kilikuwa kimefifia, kandambili yenyewe ilikuwa bado bluu. Nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyokataa kuachia. Yeye alingoja, hakuvuta.

"Nimepokea Baraka," akasema. Kisha akatazama miguu yangu. "Sasa vua moja."

"Nini?"

"Vua kiatu moja, mama. Macho yako ni mekundu tangu asubuhi. Miaka yote ile, umeshalala mu hii chumba hata mara moja?"

Nikataka kucheka, nikataka kusema mume wangu ananingoja, nikataka kusema mtu mzima halali kwenye mkeka wa watoto na sherehe iko barazani. Lakini alikuwa amekwisha kuvuta kigoda, kile kisicho na egemeo, akakaa mgongo wima kama zamani. Nikavua kiatu changu cha kulia, kile cha ngozi nilichonunua kwa ajili ya sherehe, nikampa.

"Nimepokea Mama Zaina," akasema. "Lala."

Nilijilaza upande wa ukuta. Nilisikia mlio wa viti vyenu, nikasikia mtoto wake akiguna, nikasikia Riziki akianza wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Sikusikia mwisho wake. Nilipoamka jua lilikuwa limeinama, chumba kimenyamaza, na kiatu changu kilikuwa miguuni pangu, mdomo wake ukiangalia mlango.